Mtungi wa Saba

“Bibi harusi asiguse maji.”

Sentensi moja. Simu ikakatika.

Rula aliirudisha simu mkobani. Basi la watalii lilikuwa limeuacha mji dakika kumi na moja zilizopita. Sauti ile ilikuwa ya mkuu wake, mwanamke ambaye idara nzima ya ujasusi ilimwita Shangazi, kwa kuwa kwenye simu walizungumza kama ukoo mmoja unaopanga harusi. Bibi harusi ni mtu wa kulindwa. Mahari ni mali iliyoibwa. Wakwe ni maadui.

Bibi harusi wa safari hii alikuwa mzee wa miaka sitini na moja, mwenye kipara na kofia mpya ya ukili, aliyeketi viti viwili mbele. Alikuwa mhifadhi wa makumbusho. Alishinda safari iitwayo Mji na Bahari: siku tatu za makumbusho, ngome na majumba ya sanaa, kisha siku nne katika hoteli ya kifahari ufukweni. Hakukumbuka kushiriki bahati nasibu yoyote.

Mwaka jana mshindi alikuwa mpiga picha wa makumbusho yale yale.

Siku ya sita alikufa. Daktari aliandika: alizama.

Rula alikuwepo, kikazi, juu ya gati, daftari mkononi.

Kiti cha jirani yake kilikuwa kitupu. Kisha hakikuwa kitupu.

Mpiga picha alikaa pale, magoti pamoja kama mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari. Maji yalitiririka kutoka kwenye misuko yake.

“Uliandika?” aliuliza.

Rula alihesabu hadi kumi. Kiti kikawa kitupu tena, lakini sakafu ilikuwa na maji. Aliinua macho. Kiyoyozi cha basi kilikuwa kinavuja tone baada ya tone.

Sababu ilikuwepo. Sababu huwepo daima. Ndiyo maana kazini walimwita Rula: hakuamini kitu asichokipima.

*

Hoteli ilikuwa na sakafu za mawe meupe, mabwawa matatu na ukimya uliofagiliwa vizuri. Mchana ule Rula alimkuta mhifadhi barazani, miguu kwenye kiti cha pili, bakuli la karanga tumboni.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba, binti. Kaa. Unajua wamenifanyia nini? Siku tatu wamenizungusha ndani ya makumbusho ninayofanyia kazi! Kijana wa watu akanieleza historia ya kabati nililolipigilia misumari mwenyewe.”

“Ulimwambia?”

“Nimwambie ili iweje? Alikuwa anaeleza vizuri kuliko mimi.”

Rula alitabasamu nusu. “Kazi yako hasa ni nini?”

“Kupima. Kitu kikitoka, napima. Kikirudi, napima. Wenzangu wananicheka, wanasema nitampima hata mke wangu akitoka sokoni.” Akatafuna. “Mwezi uliopita kisanamu cha shaba, mwanamke aliyeketi, kilikwenda kusafishwa kikiwa na gramu elfu mbili mia moja na nne. Kikarudi na gramu elfu moja mia nane na tisini. Sasa niambie, vumbi gani hilo la gramu mia mbili na kumi na nne?”

“Ulimwambia nani?”

“Mkurugenzi. Alinishukuru sana. Wiki iliyofuata nikashinda safari.”

“Na mpiga picha wenu?”

“Yule binti? Alilinganisha picha za kinyago kabla na baada ya kusafishwa. Mikwaruzo haikufanana. Naye akamwambia mkurugenzi. Naye akashin...”

Mkono ulibaki juu ya bakuli.

“Naye akashinda,” alimaliza, taratibu.

Rula hakumficha. Alimweleza kwamba sanamu halisi ilikuwa hapo hotelini, mahali fulani, na kwamba ingeondoka kesho baada ya kifungua kinywa, wakati wageni wanapelekwa kuzamia. Kwa njia gani, hawakujua. Mwenyeji wa safari, mwalimu wa kuzamia, akigutushwa leo, mali na wauaji wangepotea pamoja.

“Kwa hiyo mimi ni chambo,” mzee alisema.

“Ukitaka kuondoka sasa hivi, nitakuondoa.”

Mzee alitazama bahari. Hakujua kuogelea, na ilionekana.

“Yule binti alikuwa ananiita baba, kama wewe,” alisema. “Nitakaa.”

*

Saa tatu asubuhi. Gati la mbao. Jua kali, maji ya kijani, wageni wanane ndani ya mavazi ya mpira.

Mwenyeji alikuwa mtanashati wa miaka arobaini, meno mengi, suruali ya kitani. Nyuma yake mitungi ya hewa ilipangwa kwa namba. Upande wa pili wa gati, msaidizi wake alipakia mitungi mingine kwenye boti ya kasi yenye injini mbili za Yamaha.

“Ndugu zangu, anayeogopa aseme mapema,” mwenyeji alitangaza. “Mzee wangu, wewe utakuwa nami, bega kwa bega. Samaki wanapenda wazee, hawana haraka!”

Wageni walicheka. Mhifadhi alicheka pia.

Rula alikaa na taulo mapajani. Chini ya taulo, bastola ya Beretta. Shingoni, Canon ambayo ndani yake hapakuwa na kamera bali kipimo cha gesi.

Mwenyeji alianza kugawa. Wazamiaji wana desturi yao: humpi mtu mdomo wa kupumulia ambao hujauvuta mwenyewe. Mtungi wa kwanza, akavuta pumzi, akampa mgeni. Wa pili, akavuta. Wa tatu. Wa nne. Wa tano. Wa sita.

Wa saba alimvika mhifadhi moja kwa moja.

Wa nane, akavuta.

Rula aliacha kuhesabu.

Alikuwa ameliona hili. Mwaka jana, gati hili hili. Alikuwa hata ameliandika, kwa mwandiko safi, saa na dakika: *hakuonja mtungi mmoja.* Aliandika, akasubiri ushahidi wa pili. Wakati anasubiri, mtu alikuwa anakufa chini ya mbao alizokanyaga.

Mpiga picha alisimama ukingoni mwa gati. Hakuuliza kitu safari hii. Alitazama tu.

Rula aliinuka, bastola ndani ya taulo mkononi.

“Hukuonja wa saba.”

Mwenyeji aligeuka na meno yake yote. “Dada, mimi ni mzamiaji, si mpishi!”

“Mpishi asiyeonja chungu chake anajua alichotia.”

“Haya, jamani, dada yetu ana woga...”

“Vuta wewe kwanza.”

Alikishika kile kimdomo cha mpira mbele ya Canon, akabonyeza. Hewa ilitoka ikizomea. Taa nyekundu. Gesi ya moshi wa injini, isiyo na rangi wala harufu. Dakika chache kwenye kina, na mtu hulala kama mtoto. Daktari huandika: alizama.

“Vuta,” alirudia.

Hakuna aliyecheka tena.

Mkono wa mwenyeji ulishuka kiunoni. Kisu cha kuzamia. Rula alimpiga kwa kitako cha bastola juu ya kifundo cha mkono, kisu kikaanguka majini. Kiwiko kooni. Goti mgongoni. Sekunde nne.

Injini za boti ziliunguruma. Msaidizi alikuwa amekata kamba.

Taulo lilianguka. Risasi mbili, injini mbili. Boti ilizunguka kama kuku aliyekatwa shingo, kisha ikaligonga gati na kutulia. Msaidizi aliinua mikono.

Mhifadhi, bado na mtungi mgongoni, alishuka ndani ya boti bila kuambiwa. Akainua mtungi mmoja, akaurudisha. Wa pili. Wa tatu. Kwa wa nne alisimama, macho ameyafumba, akiupandisha na kuushusha kidogo.

“Huu,” alisema. “Umezidi wenzake karibu kilo mbili.”

Chini ya mstari wa rangi, mtungi ulikuwa umekatwa na kutiwa hesi, mifereji kama ya skrubu. Ulifunguka kama chupa ya uji. Ndani, katika pamba, mwanamke wa shaba aliketi.

Rula alibonyeza redio. “Shangazi. Mahari ipo. Bibi harusi mkavu.”

“Vizuri. Mkurugenzi ametiwa pingu ofisini. Rudi, nataka ripoti jioni.”

“Jioni nina safari nyingine.”

“Wapi?”

“Kwa mama yake mpiga picha. Aliambiwa mwanawe alizama kwa kuwa mzembe.”

Sauti ya Shangazi ilishuka.

“Tutamtuma mtu wa idara, mwanangu. Mtu mwenye maneno laini.”

“Hapana, Shangazi. Atataka kujua nani alikuwepo.”

Alizima redio. Askari walikuwa tayari wamewatia pingu mwenyeji na msaidizi wake. Akamsaidia mzee kuvua mtungi wa saba, akaokota viatu vyake mwenyewe, akaondoka kuelekea lango la hoteli, akipita katikati ya vitanda vya jua na wageni waliosimama na vinywaji vyao, bila kugeuka nyuma.