Ugoro Kwenye Hita

Ilianza na ugoro. Asubuhi moja ya Julai mwaka 1974, baridi ya Kibirichia ikiuma mpaka kwenye meno, Mwalimu Mwirigi alifungua hita ya gari lake na harufu ya ugoro ikampanda puani. Nyumbani kwake hakuna aliyenusa ugoro. Yeye alikuwa mzee wa kanisa, na mkewe Karimi, mwenye mimba ya miezi minane, alikuwa hawezi kuvumilia hata harufu ya kitunguu.

Gari lenyewe lilikuwa lile dogo la mgongo wa kobe, injini nyuma, lisilojua maji wala rejeta. Hupozwa na upepo tu. Mwalimu alilipenda kuliko alivyopenda watu wengi. Sasa likaanza kukohoa. Likiteremka kwenda Meru mjini lilitetemeka kama mgonjwa wa malaria, na likifika kona ya mikaratusi lilizima. Kila mara kona ile ile. Na kabla halijazima, kitu kiligonga mgongo wa kiti chake kutoka nyuma. Ngo, ngo, ngo.

"Baba Makandi," Karimi alimwambia, "huyu Makandi nilimzaa siku mbili nikimwaga damu. Hii gari ikinizimia njiani, mimi na mtoto tumeisha."

Hilo ndilo lililompeleka kwa fundi Mutembei.

Mutembei alikuja alfajiri, kwa sababu valvu za injini ya upepo hupimwa ikiwa imelala usiku kucha na kupoa kabisa. Alizipima, zikawa sawa. Akasugua pointi, akabadilisha plagi, akatafuta mahali hewa inapopenyea. Hakupata. Injini ilirukaruka vile vile. Ndipo alipofungua kabureta.

Mle ndani hamkuwa na petroli ya maana. Mlikuwa na mafuta meupe, mazito, kama yale yanayoganda juu ya supu ya kichwa cha mbuzi iliyolala, na ndani yake vumbi la kahawia. Mutembei alinusa kidole chake. "Ugoro," akasema, akatema mate. Akachokoa jeti, kile kitundu chembamba cha kupitishia petroli, kwa waya; waya ukatoka na unywele wa mvi, akauvuta, ukazidi kuja, mrefu, umelowa, unanata vidoleni, ukija na vipande vya ngozi ya kichwa laini kama utando wa maziwa, mpaka fundi yule, mwenye miaka ishirini ya grisi mikononi, akainama kwenye ua na kutapika chai yake yote.

"Mwalimu," alinong'ona akijipangusa mdomo. "Nani alikufa kwa hii gari?"

"Hakuna."

"Ata mgonjwa?"

"Nimesema hakuna!"

Alidanganya, na kinyaa kinanishika nikilisimulia. Mwezi wa nne mama yake Karimi, Ciakuthii, alibanwa na kifua, na mkwe wake ndiye aliyempeleka hospitali. Kule Meru mwanamume na mama mkwe wake hawakai bega kwa bega, hawagusani, hawatazamani machoni. Ndiyo heshima. Basi akamweka kiti cha nyuma, akamfunika blanketi gubigubi, akakigeuza kioo cha ndani kitazame paa. Akafungua hita, ingawa Mutembei alikuwa amemwonya kwamba bomba lake limetoboka na linaingiza moshi wa injini. Dirisha lake mwenyewe alilishusha, kwa sababu bibi yule alinusa ugoro na yeye hakuipenda harufu. Heshima gani hiyo! Kwenye kona ya mikaratusi mama aligonga mgongo wa kiti mara tatu. Mwalimu hakugeuka. Alijiambia si adabu. Walipofika hospitali Ciakuthii alikuwa amekufa, mate ya kahawia yamemchuruzika kutoka mdomoni mpaka kwenye kiti.

Karimi aliambiwa mama yake alifia kitandani, mikononi mwa wauguzi. Maana gari alimofia mtu lina uchafu. Ama litakaswe, ama litupwe. Na kulitakasa kungehitaji kusema ukweli mbele ya binti wa marehemu.

Mutembei hakuridhika. Alimleta Kaberia, mtu wa kwaya siku ya Jumapili na mganga siku nyingine zote.

"Majini ni ya watu wa Pwani," Kaberia alisema akiinusa injini. "Sisi shida yetu ni nkoma, roho za watu wetu wenyewe. Huyu anataka aitwe jina lake, mtu wa damu yake akisikia. Ni nani?"

"Ni mgonjwa tu nilibeba," Mwalimu akajibu kwa sauti ya chini. "Sikujua jina."

Kaberia akaomba mbuzi. Alimchinja, akatoa majani mabichi yaliyosagika tumboni, ya kijani, yenye uvuguvugu, akayamwaga juu ya injini ikiwa inanguruma. Yaliungua. Ule uvundo wa kinyesi kinachokaangwa uliingia nyumbani, ukaingia kwenye maziwa, Karimi akalala nao kooni. Lakini gari lilitulia. Siku tisa liliimba kama cherehani mpya, na Mwalimu akaanza kutembea kifua mbele.

Njia ya mwongo ni fupi. Siku ya kumi, saa nne asubuhi, Karimi alishikwa na uchungu. Alilazwa kiti cha nyuma, hita ikafungwa, madirisha yote yakashushwa. Kwenye mikaratusi gari lilitetemeka, likazima.

Ngo, ngo, ngo.

"Karimi, ni wewe?"

"Mimi nimeshika tumbo na mikono yote," alinong'ona. "Baba Makandi, kuna mtu amenishika kichwa. Mikono ni kama ya mama, lakini inanuka. Mtoto amekwama. Geuka, tafadhali."

Hakugeuka. Hita iliyofungwa ikaanza kupumua, hewa moto yenye ugoro na nyama iliyooza ikajaa garini ingawa madirisha yalikuwa wazi, na kitu cha uvuguvugu kikamdondokea kwenye kisogo, kikateleza polepole ndani ya kola, kikafuata uti wa mgongo, huku nyuma yake mkewe akikoroma badala ya kulia na ngumi ikigonga, ikigonga, mpaka Mwalimu, kamasi na machozi yakimtoka pamoja, akapiga kelele:

"Ciakuthii! Mama yako alifia hapa, Karimi! Aligonga, sikugeuka! Ni moshi wangu ulimuua!"

Akageuka.

Kichwa cha mvi, ngozi yake ikiwa imechunika, kilikuwa kimeinama juu ya magoti ya Karimi. Kinywa kilikuwa wazi, kimejaa ugoro uliolowa, na mikono iliyovimba ikimvuta mtoto taratibu, kwa upole wa mkunga. Mtoto akalia. Viti vikawa na watu wawili tu na kichanga, na injini ikawaka yenyewe.

"Endesha," Karimi alisema. Tangu siku hiyo hajamwambia mumewe neno refu kuliko hilo.

Gari liliachwa nyuma ya ghala la viazi. Hata kuku hawataki kulala humo.

Mtoto ni msichana wa pili, na desturi humpa wa pili jina la mama wa mke. Kwa hiyo anaitwa Ciakuthii. Ana afya. Ila halali baba yake asipomtazama. Mwalimu akimpa mgongo, hata kufunga mlango tu, ngumi ndogo hugonga mbao za kitanda mara tatu. Yeye hugeuka mara moja, mbio, kila mara, na humkuta mtoto ametulia, anamtazama machoni, na kwenye midomo ile isiyo na jino hata moja, mate ya kahawia yanachuruzika.