Jina Alilolingoja Odera

Akeyo alimwogesha mtoto, na maji yakageuka meupe kama chokaa. Akayamwaga, akachota mengine, akamwogesha tena. Yakawa meupe zaidi. Katika kambi ile ya wachimbaji wa udongo mweupe, upande wa Gilgil, vumbi liliingia hata kwenye uji, kwa hiyo alijiambia ni vumbi tu. Lakini mtoto hakuwa ametoka nje tangu Jumapili alipobatizwa, na tangu Jumapili hiyo alikuwa amekataa ziwa la mama yake.

Hakulia. Hilo ndilo lililomtisha mama yake. Alifumba mdomo akautazama ukuta wa nyuma, na nyuma ya ukuta huo kitu kilikwaruza polepole, kama sururu inayotafuta njia.

"Baba Hezekiah," Akeyo alimnong'oneza mumewe, "mtoto anaisha."

"Tumeomba. Tutaomba tena," alijibu Obura.

Obura alikuwa mtu wa kanisa hasa, wa aina ile inayofunga macho na kuomba hata chai ikipoa. Alikuwa karibu kufanywa mzee wa kanisa, na mzee wa kanisa hagusi mambo ya wafu. Kwao, Wajaluo, mtoto asiponyonya huitiwa majina ya marehemu wa ukoo, moja moja, mpaka lifikiwe la yule anayetaka kukumbukwa. Hapo mtoto hushika ziwa. Obura alisema hayo aliyaacha mtoni siku ya ubatizo wake mwenyewe. Ndiyo maana mwanawe alimpa jina la Biblia peke yake.

Mama yake Obura, aliyekuja kwa treni kutoka Kisumu kumwona mjukuu, hakuomba ruhusa ya mtu. Alasiri hiyo aliketi sakafuni, akampakata mtoto, akaanza kuita. Babu Agola. Nyanya Awuor. Shangazi aliyekufa kwa ndui. Kila alipotaja jina mkwaruzo ulisogea, na harufu ya udongo mbichi, ule wa chini kabisa usiowahi kuona jua, ikajaa chumbani hata Akeyo akafunika pua kwa leso, na mtoto akazidi kuwa mwepesi, ngozi yake ikipukutika unga mweupe mikononi mwa nyanya yake, mpaka majina ya ukoo yakamwishia mama wa watu akabaki na midomo mikavu.

"Hezekiah," Akeyo alilia. "Hezekiah, mwanangu."

Nyuma ya ukuta, mtu mzima akakohoa.

Mama mkwe akamgeukia mwanawe. "Obura. Hiyo jina uliitoa wapi?"

"Kwa Biblia, mama."

"Mficha maradhi, kifo humuumbua. Ilikuwa ya nani?"

Obura akaketi chini. "Ya Odera," akasema.

Odera alikuwa mdogo wake. Obura ndiye aliyemvuta kanisani, akamfanya autupe mkuki wa tambiko wa baba yao. Odera akajichagulia jina la ubatizo, Hezekiah, na alilirudia kutwa nzima akichimba hapa kambini. Udongo ulimwangukia kabla Jumapili yake ya kubatizwa haijafika, na mwili haukupatikana. Mhubiri akasema kanisa haliombei asiyebatizwa. Mama akataka kumfanyia matanga ya kwao; Obura akakataa, akasema marehemu alishaacha mila. Kijana akakosa huku na huko. Jina likabaki bure, na Obura akampa mwanawe, akidhani jina la Biblia haliwezi kumwita mfu.

"Iko na mwenyewe," mama akasema kwa sauti ya chini. "Mtoto wangu amesimama hapo nje anangoja. Mpe yake, aachilie huyu."

"Sina ruhusa ya kubatiza, mama. Na kubatiza maiti? Watanifukuza."

"Basi kaa na kanisa yako. Sisi tutachimba kaburi ndogo."

Akeyo alichota maji kwa kikombe, akamwekea mumewe mkononi.

Obura aliteremka machimboni jua likiegemea milima ya Mau, na kila hatua aliyopiga hatua nyingine ilipigwa nyuma yake, nzito, ya mtu aliyebeba mzigo, wala hakuthubutu kugeuka, maana aliogopa kumwona mdogo wake na aliogopa zaidi kwamba angefurahi kumwona, mpaka akafika chini ya ukuta mweupe ulioporomoka ukamfukia Odera na wachimbaji wengine, akapiga magoti, akalia jinsi ambavyo hakulia siku ile ya msiba.

"Nisamehe, ndugu yangu. Hezekiah Odera, nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu."

Akamimina maji kidogo. Udongo ukayanywa.

"Amina," ikaitika sauti ya mdogo wake chini ya magoti yake, sauti ya mtu aliyechoka anayejilaza.

Juu kambini Akeyo akapiga kigelegele, na mama akapokea: mtoto ameshika ziwa. Obura akamshukuru Mungu, akajifuta machozi, akainuka aende nyumbani.

"Mzee," akaitwa kwa upole kutoka ardhini, na sauti hiyo hakuijua kabisa. "Hayo maji imebaki?"