Nimepata Nafuu, Niache Dawa?

Kibanda cha Kinyozi hakikosi watu. Wengine huja kunyolewa. Wengine huja kupiga soga tu, na hao ndio wanaowahi benchi. Anayewahi kuliko wote ni Fundi Viatu wa mlango wa pili, rafiki yake Kinyozi tangu utotoni. Kazi yake ikipungua, huhamia kwenye benchi na kutoa ushauri. Hakuna anayemwomba, lakini hilo halijawahi kumzuia.

Mwaka ule Kinyozi aliingiwa na hofu. Haikuwa hofu ya kitu fulani. Alikuwa amekaa tu, mara moyo unamwenda mbio na kijasho chembamba kinamtoka. Usiku usingizi haukuja. Mikono ilianza kutetemeka, na akawa anauogopa wembe wake mwenyewe. Mteja akiomba kunyolewa ndevu, alisema nyembe zimekwisha. Wateja wa ndevu wakaanza kuhamia kwingine. Sasa kinyozi asiyeweza kushika wembe ataishije?

Mke wake ndiye aliyempeleka kliniki. Daktari alimpima, akamwuliza maswali mengi, kisha akasema, "Moyo wako mzima. Huu ni ugonjwa wa wasiwasi, na unatibika." Alimpa dawa ya kumeza kila asubuhi, akampangia pia siku za kuzungumza na mshauri. "Usitegemee nafuu leo wala kesho," alimwambia. "Itachukua wiki kadhaa."

Mwanzoni dawa ilimletea kichefuchefu, kisha kikaisha. Usingizi ukarudi, na hofu ikapungua polepole. Siku moja Kinyozi alijikuta anapiga mluzi huku akimnyoa mteja ndevu. Wembe ulikuwa mkononi na mkono umetulia. Alifurahi mno, nusura amnyoe mteja bure.

"Siku hizi unacheka," Fundi Viatu akasema kutoka kwenye benchi.

"Nimepata nafuu, ndugu yangu. Nalala, nakula, nanyoa."

"Basi dawa za nini tena? Dawa ni za mgonjwa."

"Daktari hajaniambia niache."

"Daktari anakuona mara moja moja. Mimi nakuona kutwa, na nakwambia umepona. Utazizoea hizo, mwisho ushindwe kuishi bila vidonge."

Kinyozi akakuna kichwa. Kusema kweli, maneno yale yalimwingia kwa sababu yalikuwa mawazo yake mwenyewe. Hakupenda kuitwa mtu wa vidonge. Na sisi binadamu tukishataka jambo, tunamsikiliza yule anayetuambia tulifanye. Kesho yake hakumeza dawa, wala hakumwambia mke wake.

Siku mbili tatu hakuona tofauti yoyote. Akajipongeza.

Kisha Fundi Viatu akaja kunyolewa nywele. Jioni ile alikuwa anakwenda kwa wakwe zake na alitaka kupendeza. Kinyozi alimfunga kitambaa shingoni, akawasha mashine. Alipofika kisogoni, kizunguzungu kikamshika. Alihisi kitu kama shoti ya umeme kikipita kichwani. Aliyumba, na mashine ikapanda moja kwa moja kutoka kisogoni hadi utosini.

"Mbona umenyamaza?" Fundi akauliza.

"Usitazame kioo."

Fundi akatazama. "Umenichonga barabara kichwani. Wakwe zangu wapite na gari?"

Wa kwenye benchi wakaangua kicheko. Lakini Fundi alipogeuka alimwona rafiki yake amekaa sakafuni, jasho linamtiririka.

"Hofu imerudi," Kinyozi akasema kwa sauti ndogo. "Hii ilikuwa mashine. Ingekuwa wembe je? Ingekuwa shingo yako?"

Fundi akachuchumaa mbele yake.

"Dawa umemeza leo?"

"Si ulisema niache?"

Fundi akavua kitambaa shingoni. Akatoa simu. "Shemeji, njoo hapa kibandani. Ni mimi niliyeharibu."

Mke wa Kinyozi alifika mbio. Hakugomba. Alimwuliza mume wake tu kwa nini alimficha.

"Nilitaka uone nimepona bila kutegemea kitu," Kinyozi akajibu.

"Mimi nataka upone, basi. Hayo mengine nimekuomba lini?"

Wakaenda kliniki wote watatu, Fundi akiwa na kofia ya kuazima. Daktari alimsikiliza Kinyozi mpaka mwisho, akampima tena.

"Umeacha ghafla," akasema. "Mwili ulikuwa umeshaizoea dawa. Mtu akiikata mara moja anaweza kupata kizunguzungu, kichefuchefu, ndoto za ajabu, hata hasira zisizo na sababu."

"Kwa hiyo nimeshakuwa mtumwa wake?"

"Hapana. Dawa hii haikufanyi uwe na uchu nayo wala utake kuongeza kila siku. Ila inaachwa polepole, kwa kupunguza kidogo kidogo, nami nikikuangalia."

"Lakini nilikuwa nimepona, daktari."

"Ulikuwa umepata nafuu, na dawa ndiyo ilisaidia kuileta. Mtu akishajisikia vizuri, kwa kawaida tunaendelea miezi sita au zaidi. Akiacha mapema, ugonjwa hurudi kwa urahisi."

"Gundi," Fundi akasema ghafla. Wote wakamgeukia. "Nikibandika soli inashika papo hapo. Mteja anasema kimeshika, nipe kiatu changu niende. Namkatalia. Nakibana nikiache mpaka gundi ikauke ndani. Akikivaa mapema, soli anaiacha njiani."

Daktari akacheka. "Ndivyo hasa. Sasa mbona hukumwambia hivyo?"

"Tulikuwa tunaongea habari za dawa. Habari za viatu hakuniuliza."

Mke wa Kinyozi alikuwa na swali lake. "Akisahau siku moja?"

"Akikumbuka siku hiyo hiyo, ameze. Akikumbuka kesho yake, aendelee na ya siku hiyo tu. Asimeze mara mbili kufidia. Na asimgawie mtu mwingine, kila mgonjwa na dawa yake." Kisha daktari akamgeukia Kinyozi. "Dawa ikikusumbua, njoo uniambie. Naweza kubadilisha kipimo au kukupa nyingine. Ukipata mawazo ya kutaka kujidhuru, njoo siku hiyo hiyo. Hata ukitaka kuacha si kosa, ila usiache peke yako. Mwili ni wako. Unaamuaje?"

Kinyozi alimtazama mke wake, akashusha pumzi. Alijisikia mwepesi, kama mtu aliyetua mzigo aliokuwa anaubeba kwa siri. "Naendelea," akasema. "Na siku nikitaka kuacha, nitakuja hapa kwanza, si kwenye benchi."

Daktari alimwambia jinsi ya kuanza tena, akamkataza kushika wembe mpaka kizunguzungu kiishe. Baada ya siku chache kikaisha. Kinyozi aliendelea na dawa, na siku za mshauri hakuzikosa. Miezi ikapita, na akazidi kuwa imara. Ndipo alipokwenda mwenyewe kumwuliza daktari kama wakati umefika. Daktari aliona umefika. Wakaanza kupunguza dawa kidogo kidogo, na kila hatua walitazama kwanza hali yake. Safari hii hakuna kilichomyumbisha.

Siku moja Fundi Viatu aliingia, akapita benchi bila kusimama, akaketi kwenye kiti.

"Leo ndevu," akasema.

"Kwa wembe?"

"Unataka kuninyoa kwa kijiko?"

Kinyozi akaweka wembe mpya, akampaka povu. Fundi akainua kidevu, shingo yote ikawa wazi. Alianza kutoa ushauri kuhusu kodi ya vibanda, lakini hakuufikisha mwisho. Kinyozi alipoinama kumtazama, rafiki yake alikuwa anakoroma.