Mrehani wa Chumba cha Nyuma

Mzee Sanga alifariki Jumatatu asubuhi, akiwa ameshawasha taa za mrehani wake. Aliulima ndani ya chumba cha nyuma, nyumbani kwake Ukunda, kwa sababu nje tumbili hawaachi jani. Matanga yalipokwisha, binti yake Jumwa aliingia humo, akazikuta taa mbili zinawaka nusu. Akadhani baba alikuwa akibana umeme. Akazungusha kitufe hadi mwisho, maana hoteli ya Diani iliyokuwa ikinunua mrehani kwa baba ilikuwa imempa nafasi moja tu: mavuno yajayo yakiharibika, watatafuta muuzaji mwingine.

Siku ya tisa majani yalijikunja na kupauka. Jumwa akaona mwanga bado haujatosha. Alijifunga leso nyeusi, akapenya katika duka la umeme lililofurika wateja, akaomba taa kali zaidi. Fundi, kijana wa shati la manjano aitwaye Kivuva, alimsikiliza vizuri, kisha akakataa kumuuzia.

"Chukua mbili kama ulizonazo, dada. Uziwashe zote nne nusu."

"Moja hutaki kuniuzia, sasa wataka ninunue mbili. Kaka, biashara umesomea wapi?"

Duka zima likacheka. Jumwa akatoka amenuna, ila kadi ya Kivuva yenye namba ya simu aliibeba.

Jumatano miche mitatu ilikauka. Akapiga simu.

"Ni yule dada mwenye maneno?"

"Njoo uone. Na usicheke."

Kivuva hakucheka. Alimwambia aweke kiganja chini ya taa. Jumwa akakiondoa upesi. Kivuva akamweleza kwamba taa ikisukumwa hadi mwisho, umeme mwingi huishia kwenye joto, nayo huchakaa mapema. Nne za nusu zingekula umeme uleule, zitoe mwanga zaidi, tena uliotapakaa.

"Mzee hakuwa bahili," alisema. "Alijua."

Jumwa aligeukia ukuta kwa muda. Kisha akamshikia ngazi afunge taa mbili mpya alizokuja nazo.

Tangu hapo simu ya Jumwa ililia kila asubuhi, na moyo wake ukaitangulia.

"Mirehani imeamkaje?"

"Imeamka salama. Mimi hujaniuliza."

"Wewe naogopa kukuuliza kwa simu, mpenzi."

Mpishi wa hoteli alipoyanusa mavuno, aliagiza ya kila Ijumaa. Hapo hapo kwenye geti la hoteli, mikono ikinukia mrehani, Kivuva, aliyemsaidia Jumwa kubeba, akauliza kama atume wazee.

"Watume," Jumwa alisema. "Ila wavae viatu vizuri. Mama huanza kutazama miguu."

Wazee wameshakuja. Arusi ni Desemba.