Mahindi Yatima

Penye wengi pana mengi, na soko lile siku ya Jumamosi lilikuwa na yote: wauza nyanya wakigombana na wanunuzi, mikokoteni ikipita juu ya vidole vya watu, na katikati ya zogo hilo dada mmoja aliyevaa gauni la bluu lenye vifungo mbele na buti za mpira zilizojaa matope mpaka magotini. Mkono wa kulia alibeba mizani ndogo ya umeme. Wa kushoto ulikuwa na mfuko wa udongo. Watu walimpisha wakimtazama mara mbili, kwani nani huja sokoni na udongo wake mwenyewe?

Alisimama mbele ya kibanda cha fundi mizani.

"Kaka, hii inaniambia gramu kumi na mbili wakati juu yake hakuna kitu."

Fundi alikuwa kijana mrefu, aproni ya turubai, penseli sikioni. Aliiinua mizani, akaipuliza, akaiweka mezani polepole.

"Haina ugonjwa mkubwa. Imezoea kuongopa tu. Ulikuwa unapimia nini?"

"Udongo."

"Udongo!" Fundi alicheka. "Tangu nianze kazi hii nimeona watu wanapima dhahabu, nyama, hata nywele za bandia. Udongo, wewe wa kwanza. Unauza kwa nani?"

"Siuzi. Nausoma. Niko chuoni, shahada ya uzamili, kilimo endelevu. Nataka kujua jinsi ya kulima shamba moja miaka mingi bila kulichosha."

"Basi keti hapa, Msomi. Mizani ikiongopa, hata ungekuwa profesa utaandika uongo."

Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Kazi ya dakika kumi ilichukua saa nzima, na tuseme ukweli: mizani ilipona mapema sana. Kilichochelewa ni mazungumzo. Alipoondoka, namba ya simu ya fundi ilikuwa imeandikwa kwa penseli chini ya mizani, "ikikusumbua tena." Haikumsumbua. Alipiga hivyo hivyo.

Yeye akamwita Fundi, naye akaitwa Msomi, na majina ya kwenye vyeti hayakuhitajika tena. Miezi miwili ikapita kwa simu za asubuhi.

"Umekula, Msomi?"

"Nimekula. Wewe?"

"Mimi nimepima kilo mia tatu za vitunguu vya watu, hata kimoja sijaonja."

"Maskini wangu. Njoo shambani jioni uyaone mahindi yangu; yakikomaa nitakupa hindi la kuchoma. Moja tu, mengine ni ya serikali."

Shamba la majaribio lilikuwa nyuma ya maabara ya chuo: vipande kumi na sita vya mahindi, kila kimoja ukubwa wa chumba cha kulala, vimezungushiwa kamba na kuwekwa vibao. Kulikuwa na vinne vyenye samadi ya mbuzi, vinne vyenye mboji na vinne vyenye kunde zilizopandwa katikati ya mistari. Pembeni, mahindi ya vipande vinne vya mwisho yalisimama membamba na ya manjano.

"Na haya?" Fundi aliuliza.

"Hao ni mayatima. Hawakupata kitu." Msomi alicheka, maana ndivyo wanafunzi wote wa maabara walivyoviita vipande vya kulinganishia, vile ambavyo mtafiti haviwekei chochote ili aone tofauti. Alikuwa anataka kueleza zaidi, lakini simu ikalia. Msimamizi wake, Profesa, alimtaka ofisini haraka.

Kumbe Profesa alikuwa amempatia nafasi ya mafunzo ya takwimu katika mji mwingine, wiki tatu. Nafasi kama hiyo haikataliwi. Kabla ya kupanda basi, Msomi alimkabidhi Fundi rula ndefu na daftari.

"Kila Jumamosi pima urefu, unisomee kwenye simu. Hakuna mtu mwingine ninayemwamini kwa vipimo."

Jumamosi ya kwanza Fundi alipiga akiwa shambani, jua likimchoma shingo.

"Wa samadi wamefika kifuani. Wa kunde wanapendeza. Lakini, Msomi, mayatima wanasikitisha. Hata goti hawafiki. Majani ya chini yanakauka."

"Najua, mpenzi. Hata mimi roho inaniuma. Wewe waangalie tu. Umesikia? Niahidi."

"Nakuahidi, mpenzi. Nitawaangalia."

Sasa wewe unayesoma Kiswahili, niambie: mtu akikwambia "niangalizie nyumba" utakaa kwenye kiti uitazame mpaka arudi? Msomi alisema waangalie, maana yake watazame, usiguse. Fundi alisikia waangalie, maana yake watunze. Neno ni moja, lakini mpaka leo sijui nani alikuwa na haki nalo zaidi.

Tena Fundi hakulisikia kwa masikio matupu. Alikuwa na miaka sita alipofiwa na baba na mama kwa mwaka mmoja, akachukuliwa na shangazi yake. Alijua maana ya watu kupita mlangoni wakisema "maskini" halafu wakaendelea na safari zao. Jumapili ile ile alikwenda kwa shangazi, akachota samadi kwenye zizi la mbuzi, akaipeleka shambani kwa mkokoteni. Kwa kuwa ni fundi mizani na hajawahi kumwaga kitu bila kukipima, alipima: kilo ishirini kila kipande, si zaidi, si pungufu. Akaandika tarehe, saa na uzito kwenye kurasa za nyuma za daftari. Jumamosi zilizofuata alimsomea mpenzi wake vipande kumi na viwili, na akiulizwa kuhusu mayatima alisema, "Hao utawaona mwenyewe." Alitaka kumfurahisha.

Siku Msomi aliporudi, Fundi alimngoja getini na shati jeupe lililonyooshwa kwa pasi. Wakaenda shambani wameshikana mikono, na hapo mkono wa Msomi ukalegea.

Mayatima walikuwa wamestawi, kijani mpaka chini.

"Nani kawagusa?"

"Mimi. Si uliniambia niwaangalie?"

"Niliposema uwaangalie nilimaanisha uwatazame!"

"Sasa, mpenzi, yatima anatazamwa tu?"

"Umeniua, Fundi! Umeniua!" Alishika kichwa kwa mikono miwili. "Hao ndio kipimo changu! Bila wao sijui samadi imefanya nini na mvua imefanya nini. Ni mizani isiyo na sifuri! Msimu mzima umekwenda, na wiki ijayo natakiwa kupeleka matokeo kwa wafadhili. Wakiyakosa, wananiondoa."

Mfano ule wa sifuri Fundi aliuelewa mara moja, na uso ukamshuka. Alikuwa anafungua mdomo aombe radhi. Lakini hasira ni hasara, na Msomi akamalizia:

"Ndiyo maana watu wasiosoma hawatakiwi kuingilia kazi za watu."

Fundi aliiegemeza rula aliyokuja nayo kwenye kibao taratibu isianguke. Akaondoka na daftari mkononi bila kujua kwamba amelishika. Msomi aliyatamani maneno yake yarudi kabla hata hayajafika mwisho wa shamba. Hakumwita. Kiburi nacho kina miguu mizito.

Siku tano hakuna aliyempigia mwenzake. Msomi alilala na simu juu ya mto. Huko sokoni Fundi alirudisha mizani tatu kwa wenyewe zikiwa bado mbovu, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Siku ya sita, mwenzake Msomi wa maabara, kijana mmoja waliyemwita Takwimu, alimkuta amezama kwenye kompyuta.

"Dada, unalia nini? Una urefu wa mayatima wa wiki ya kwanza. Kadiria zilizobaki, ujaze. Nani atajua? Mahindi hayasemi."

Akajaza. Nasema kweli, alijaza. Namba zikakaa vizuri, mchoro ukapanda kama inavyotakiwa, akachapisha. Kisha akachapisha na karatasi nyingine yenye mapengo yake yote. Kesho yake aliingia ofisini kwa Profesa na karatasi mbili kwenye begi, hajui mkono wake utatoa ipi.

Profesa, mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, hakumkaribisha chai.

"Haya, mwanangu. Nionyeshe."

Mkono wa Msomi ulikaa ndani ya begi muda mrefu. Kisha ukatoka na ile yenye mapengo.

"Mama, msimu wangu umeharibika. Vipande vya kulinganishia viliwekewa samadi. Aliyeweka hakuwa na kosa. Mimi sikumweleza, halafu nikamtukana. Nikiondolewa, niondolewe kwa ukweli."

Profesa alivuta droo, akatoa daftari ambalo Msomi alilijua hata kwa madoa yake.

"Mwenye hili alikuja juzi. Alisimama hapo ulipo, akasema nimfunge yeye, nisikuguse wewe. Nikamwambia chuo hakina jela." Alivaa miwani. "Nilikuwa nangoja nione utaniletea nini. Ungeniletea uongo, sasa hivi ungekuwa unafungasha."

Msomi alikaa bila kuambiwa akae.

"Msimu huu tunautupa," Profesa aliendelea. "Utapanda upya. Wafadhili nitawaandikia mimi, na hili daftari nitaliambatisha waone kwamba hatufichi. Tarehe, saa, kilo, kipande kwa kipande! Nina miaka ishirini nafundisha mbinu za utafiti, sijaona mwanafunzi anayeandika hivi. Alisomea wapi huyo?"

Msomi alifuta machozi kwa kiganja. Alipotoka nje aliichana ile karatasi nyingine vipande vipande, akaenda moja kwa moja sokoni na viatu vyake vizuri vya ofisini.

Fundi alimwona kwa mbali, akajifanya anatafuta skrubu.

"Fundi."

"Karibu, mteja."

"Usiniite mteja. Nipige, lakini usiniite mteja."

"Mizani imekusumbua?"

"Ulimi umenisumbua. Nilikwambia neno chafu, na wewe ukaenda kunitetea. Nisamehe."

"Ulisema kweli. Sijasoma."

"Nilisema ujinga. Profesa anauliza ulisomea wapi, anasema hajaona mwanafunzi anayeandika kama wewe. Asiyejua kitu siku ile nilikuwa mimi. Uliniuliza kama yatima anatazamwa tu, na mimi sijawahi kukuuliza hata siku moja nani alikulea."

Fundi aliacha kutafuta skrubu. Akamweleza, kwa maneno machache, kuhusu mwaka ule na shangazi yake. Wanunuzi walipita, mmoja akamwaga ndimu, hakuna kati yao aliyegeuka.

"Kosa lako ni jina," alimalizia. "Ungewaita wavivu, nisingewapa hata kikombe cha maji."

Msomi alicheka huku analia, na muuza nyanya wa jirani akasema, "Afadhali! Wiki nzima huyu jamaa alikuwa hataniki."

Wakapanda tena mvua zilipoanza. Safari hii Fundi alieleweshwa kila kitu, akapewa kazi ngumu kuliko zote: kuwapima wale wanne wakinyauka, na asiwaguse. Alipima. Siku nyingine alitoka shambani akapitia kwa shangazi kwanza, na Msomi alijua kwa nini, akamwacha. Mavuno yalipokuja, tofauti ilionekana wazi hata kwa mtu asiye na mizani.

Siku ya kutetea tasnifu, watahini watano walikaa upande mmoja wa meza, Msomi upande wa pili akiwa na suti ya kijivu aliyoazima kwa dada yake. Alijibu kila kitu. Mwishoni mtahini wa nje, mzee mkali, alifungua ukurasa mmoja.

"Hapa umeandika kwamba msimu wa kwanza uliondolewa kwa sababu ya 'huruma'. Hilo si neno la kisayansi. Eleza."

"Ndilo neno sahihi, mheshimiwa. Mtu alinionea huruma mimi na mahindi yangu, akayalisha."

"Mtu huyo ni nani kwako?"

Chumba kilicheka kidogo. Msomi hakucheka. Alijibu, na alichojibu kikaandikwa kwenye kumbukumbu za kikao.

Alipotoka, Fundi alisimama ghafla kutoka kwenye benchi la ukumbini.

"Umefaulu?"

"Nimefaulu."

"Alhamdulillahi! Waliuliza kuhusu mimi?"

"Waliuliza wewe ni nani kwangu."

"Ukasema?"

"Nikasema ni mchumba wangu, tunaoana baada ya mahafali."

Fundi alitoa macho. "Msomi! Lakini sisi hatujawahi..."

"Najua. Na imeshaandikwa. Nimeapa kwamba hakuna uongo hata mmoja kwenye kazi yangu, kwa hiyo jibu upesi kabla hawajatoka."

"Sijamwambia hata shangazi!"

"Shangazi nilimwambia Jumapili. Kasema anakungoja wewe tu."

Mlango nyuma yao ulianza kufunguka. Fundi alimshika mikono yote miwili, kwa nguvu. Akaitikia kwa kichwa, mara tatu, mbele ya watahini wote watano.