Usiachie, Sijafunga

Winnie na mumewe Nestory wanaishi Mwanza, mlimani, juu ya mtaa wa Mirongo. Kila asubuhi Winnie hupakia wali na samaki aina ya sato kwenye gari lao kuukuu, akateremka kwenda kuuza kwenye stendi ya Nyegezi. Nestory ni mlinzi wa usiku. Mke akitoka, ndipo mume anarudi. Wote wamechoka, na mtu aliyechoka haongei sana.

Breki za gari zilikuwa zimelegea tangu fundi mmoja alipobadilisha paipu ya mafuta ya breki kwa haraka. Pedali ilizama mpaka chini. Ilibidi Winnie akanyage mara tatu ndipo gari lisimame. Alizoea hivyo hata mguu wake wa kulia ukawa unakanyaga wenyewe. Mezani ulikanyaga. Kanisani ulikanyaga.

Jumanne moja, mteremkoni, mzee mwenye toroli la miwa alikatiza barabara. Winnie alikanyaga, akakanyaga, akakanyaga. Gari lilisimama likiwa limeshagusa toroli. Mzee alikuwa mzima, lakini Winnie alilia palepale kwenye usukani.

"Siteremki tena na gari hili," alimwambia mumewe. "Nitaua mtu."

Bila gari hakuna biashara ya wali. Nestory alikuwa amesikia kwamba upepo ukiingia kwenye breki unaweza kutolewa nyumbani. Basi alilegeza nati ya kutolea upepo kwenye gurudumu, Winnie akakanyaga pedali, kimya kimya, kila mmoja na usingizi wake. Baada ya saa nzima pedali ilikuwa laini kuliko mwanzo. Nestory alikaa kwenye jiwe, akasema waliuze gari kama chuma chakavu.

Jirani yao, mama Kashindye, alikuwa akiwatazama huku akichambua mchele. Kabla ya kustaafu alitengeneza magari ya wagonjwa miaka ishirini na sita. Akaweka ungo chini, akaja. Winnie alimwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba huku ameshainama kwenye gurudumu.

Alikagua kwanza kama mafuta ya breki yanavuja. Yakivuja, alisema, hiyo ni kazi ya fundi. Palikuwa pakavu.

"Mafuta hayabonyei, wanangu. Upepo hubonyea. Mguu unaminya upepo, gurudumu halipati kitu. Na Winnie anaachia pedali kabla nati haijafungwa, upepo unarudi ndani. Hii kazi ni ya kusemezana."

Gari lilikuwa mahali tambarare, limezimwa, magurudumu yamewekewa mawe. Mama Kashindye aliwaagiza wajaze mafuta mapya, ya aina iliyoandikwa kwenye kifuniko cha kopo la mafuta ya breki, na wayaongeze kila yakipungua. Kopo likikauka, upepo unaingia upya. Wakaanza na gurudumu lililo mbali zaidi na kopo, la nyuma kushoto. Nestory alivika mpira mwembamba kwenye nati ya kutolea upepo, ncha ya pili akaizamisha kwenye chupa yenye mafuta kidogo.

"Kanyaga," Nestory alimwambia Winnie aliyekaa kwenye usukani.

"Nimekanyaga."

"Shikilia." Akalegeza nati. Mapovu yakatoka chupani. "Usiachie, sijafunga." Akaikaza. "Nimefunga. Achia."

"Nimeachia."

Walirudia mpaka mapovu yakaisha, kisha wakaenda gurudumu jingine, hadi yote manne. Walikuwa hawajaongea hivyo wiki nzima. Mafuta yaliyotoka hawakuyarudisha, maana yalikuwa yamechakaa. Pedali sasa ilikuwa ngumu na ilisimama juu. Winnie alijaribu kwanza pale tambarare, polepole. Alikanyaga mara moja. Gari likasimama.

Siku iliyofuata aliteremka mlima na sufuria zake. Chini, mzee wa miwa alikuwa akivuka tena. Winnie alisimamisha gari mbali naye, akampisha.

Jumapili walikaa kanisani bega kwa bega. Katikati ya mahubiri Nestory alitazama chini. Mguu wa kulia wa mkewe ulikuwa umetulia sakafuni. Alipoinua macho aliona kwamba Winnie amelala kabisa. Mama Kashindye, aliyekaa kiti cha nyuma yao, alinyoosha mkono amwamshe.

"Mwache, mama," Nestory alinong'ona. "Anapumzika."