Maelezo ya Pili

Kila Alhamisi, akitoka shule, Kijino alipitia kwanza chumba cha ushonaji cha mama yake mdogo. Alivua sare, akala, kisha akakaa sakafuni na wembe mkononi kufumua nguo za wateja zilizoletwa kupanuliwa. Alikuwa na miaka kumi na mitatu. Jina hilo la utani alilipata kwa sababu ya jino la mbele lililochelewa kuota mpaka ukoo mzima ukakata tamaa.

"Fumua polepole, mwanangu," alisema mama mdogo bila kuinua macho kwenye cherehani. "Mwenye gauni hilo ana mdomo. Ukilitoboa, tutahama mtaa."

Kijino alitabasamu, lakini tabasamu lenyewe halikukaa.

Saa tisa walifunga mlango wakaelekea kituo cha kusaidia watoto, nyuma ya mahakama. Walikuwa wakienda huko kwa miezi minne. Fundi simu mwenye kibanda karibu na shule alikuwa amejifanya kaka wa Kijino. Alimwita "mdogo wangu", akampa simu, kisha akaanza kumpeleka kwa wanaume waliomlipa, nao wakamtendea mambo ambayo mtu mzima haruhusiwi kabisa kumtendea mtoto. Mwalimu wa darasa aliona Kijino amebadilika, akamuuliza kwa upole, akatoa taarifa. Polisi waliwakamata wale wanaume, na kesi ya fundi ndiyo iliyotangulia. Ingesikilizwa Jumatatu.

Kituoni walipokewa na afisa ustawi wa jamii. Watoto walimwita Shangazi Mafaili, maana hakuonekana bila mafaili kwapani.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Leo nakutembeza. Mama mdogo, tusubiri hapo kwenye benchi, hatukawii."

Alimwonyesha ukumbi wa mahakama ukiwa mtupu. Hapakuwa na kizimba wala jukwaa la juu, ila meza moja pana na viti vinavyolingana. Hakimu wa mahakama hiyo havai joho, Shangazi alieleza, ili watoto wasitishike. Chumba cha pili kilikuwa kidogo, chenye kochi, jagi la maji na kamera ukutani.

"Wewe utakaa hapa na mimi. Hakimu atakuona kwenye skrini. Fundi hatakuona, wala wewe hutamwona. Ukichoka, inua mkono tupumzike. Usipojua, sema sijui. Sasa tufanye mazoezi. Nikisema uongo, unisahihishe, hata kama mimi ni mkubwa. Haya: wewe una miaka arobaini na watoto sita."

"Hapana!" Kijino alicheka.

"Mama yako mdogo ni rubani wa ndege."

"Hapana, ni fundi cherehani. Hata kupanda ngazi anaogopa!"

"Vizuri. Ndivyo utakavyofanya Jumatatu. Likisemwa jambo lisilo kweli, unasema hapana. Hata kama limeandikwa kwenye karatasi."

Kicheko kilikatika. Kijino alianza kuchokonoa uzi wa kochi.

"Na kama lililoandikwa nililisema mimi?"

Shangazi Mafaili aliweka mafaili yake chini.

"Niliwaambia polisi fundi alinishika mkono, akanivuta," Kijino alisema kwa sauti ndogo. "Hakunivuta. Nilikwenda mwenyewe, mara tatu. Niliitaka ile simu. Mama mdogo nilimwambia niko masomo ya jioni. Siku ya polisi alikuwa amekaa hapo hapo, analia. Nikaona nikisema kweli nitafungwa mimi, na yeye hatanitaka tena."

"Umelibeba hilo peke yako miezi yote minne?"

Kijino aliitikia kwa kichwa.

"Pole, mwanangu. Sasa nisikilize, maana na mimi sitakudanganya. Hilo siwezi kulificha. Mwendesha mashtaka lazima alijue leo, achukue maelezo ya pili, na wakili wa fundi atapewa nakala. Pengine atakuuliza maswali ya kuchoma. Lakini hakuna atakayekufunga. Mahakama hii ipo kwa ajili ya kukulinda."

"Na mama mdogo?"

"Nimwambie mimi?"

Kijino alifikiri kidogo. "Nitamwambia mwenyewe. Ila usiondoke."

Mama mdogo alisikiliza akiwa amesimama. Kijino alipofika kwenye masomo ya jioni, uso wa mama mdogo ulibadilika.

"Nami nilikuwa nakutengea chakula, nasema mtoto anasoma!" Aligeukia ukuta. Kijino aliyaona mabega yake yakitikisika, akadhani yote yamekwisha. Lakini mama mdogo alirudi, akajishusha kwenye kiti kidogo cha watoto.

"Nami niseme langu," alisema. "Ile simu niliiona chini ya godoro. Nikajiambia nitakuuliza kesho. Kesho ikaja na nguo za harusi, nikanyamaza. Njoo hapa."

Walikumbatiana, na kile kiti kidogo kililia chini yao.

Jumatatu, wakili wa fundi aliuliza swali ambalo Kijino alikuwa ameliogopa. Hakimu alilirudia kwa maneno mepesi: "Kwanza ulisema ulivutwa. Sasa unasema ulikwenda. Lipi ndilo?"

"La kwanza nilisema kwa sababu niliogopa," alijibu Kijino. " La pili ndilo lililotokea."

"Kwa hiyo alikubali mwenyewe!" sauti ya wakili ilisikika kwenye spika.

"Hilo mtoto hatalijibu, wakili," hakimu alisema. "Kisheria, mtoto hana uwezo wa kukubali jambo kama hilo. Endelea na lingine."

Hukumu ilisomwa wiki tatu baadaye. Fundi alipatikana na hatia. Jumbe alizomtumia Kijino kwenye ile simu, za kumbembeleza na kumpangia saa, zililingana neno kwa neno na maelezo ya pili. Shangazi Mafaili alifafanua kwamba kama Kijino angeshikilia ya kwanza, jumbe hizo hizo zingemfanya aonekane mwongo, na huenda fundi angetoka.

"Kwa hiyo sikukosea?" Kijino aliuliza.

"Ulidanganya polisi, na hilo lilikuwa kosa. Umelisahihisha, limekwisha," alijibu Shangazi. "Lakini waliyokufanyia si kosa lako, na halijawahi kuwa lako hata siku moja. Mtu mzima akimrubuni mtoto, mwenye hatia ni mtu mzima, hata kama mtoto alikwenda kwa miguu yake mwenyewe. Ndiyo maana usiogope kusema kweli yote, hata kile kipande kinachokutia aibu. Kipande hicho ndicho wao hutegemea ukifiche. Na wewe, mama mdogo—"

"Najua," mama mdogo alidakia. "Nikiona jambo, niulize siku hiyo hiyo."

Shangazi Mafaili alifungua shajara yake. Kesi ya fundi ilikuwa imekwisha, lakini usiku Kijino bado alishtuka usingizini, na mshauri wa kituo alikuwa amesema hali hiyo ingechukua muda kuisha.

"Alhamisi ijayo?"

"Nitakuja," alisema Kijino.

"Tutakuja," alisema mama yake mdogo.